Jina ya Tantine, Maneno Yangu

Wenye mulisoma juma iliyopita munajua namna mukono yangu ilizoea telefone ya tantine Hadidja. Wenye hamukusoma, nawapatia kwa ufupi, juu aibu ikishaanza kutembea haingojake muntu avae viatu.

Tantine Hadidja njo muzalishaji wa maternité ya kwetu Mikelenge, hapa Kindu. Miaka makumi mbili na zaidi anapokea watoto wa watu. Mwezi wa Ramazani mbuzi ya jirani ilikanyaga miwani yake, krak. Miwani mpya inatoka Goma, na mpaka leo iko njiani. Basi akawa ananiambia mashauri yake kwa wamama, mimi naandika ku Facebook kwa jina yake, na foto yake ya blouse nyeupe.

Mimi njo Mwanahamisi, mutoto wa ndugu yake, kalasi ya tano, muntu wa haya. Haya yangu si ya mchezo. Mwalimu akiita majina, ninajibu "niko" polepole mpaka ananiandika sipo. Mwaka huu niliandikwa sipo mara kumi na moja, na nilikuwa nimekaa ku banc ya mbele.

Lakini ku telefone hakuna mwenye kuona sura yangu. Tantine akisema chumvi, mimi naongeza pilipili. Watu wakapenda pilipili. Tukafika wafuasi elfu ine, na tantine akawa anashangaa:

— Kumbe watu wa Kindu wanapenda mashauri vile?

Hapo njo tulifika. Sasa musikie.

Siku moja, tantine alitoka kazi saa nane ya mchana, miguu imevimba. Ile asubui mama mumoja wa ng'ambo ya mutoni Lualaba, wa Alunguli, alifika maternité amechelewa, mutoto nusura aende. Tantine akajitupa ku kiti.

— Mwana, andika. Wamama wa ng'ambo, ninawaomba musingoje. Uchungu ikianza tu, mupande mutumbwi, mukuje. Mutoni ni kubwa, mutoto hana subira. Tuko hapa, tunawangoja.

Akalala na viatu vyake.

Nikasoma. Nikaona maneno iko baridi kama bugali ya jana.

Sasa, ku soko ya samaki nilizoea kusikia wamama wa huku na wa ng'ambo wanachokozana. "Ninyi wa ng'ambo, hata kufa munachelewa!" "Na ninyi wa huku munawahi juu ya nini, munaenda kuiba?" Wanacheka mpaka wanashikana mabega, na moja anaongezea mwenzake samaki ya bure. Kila siku ya Mungu ni vile. Nikasema, basi, ni maneno ya kuchekesha tu.

Nikaandika:

"Wamama wa ng'ambo wanangojaka kichwa ya mutoto ionekane njo waanze kutafuta mutumbwi. Wakati wa vita walikuwa mabingwa wa kukimbia. Leo kukimbia mpaka maternité imewashinda? Basi wazalie ku mutumbwi, wamezoea."

Nikacheka peke yangu. Nikatuma. Nikaenda kuosha sahani.

Kile sikujua: maneno ya soko inatembeaka na mukono ku bega, na meno nje, na samaki ya bure. Ku telefone ilifika bila samaki. Ilifika na blouse nyeupe.

Mbele nimalize sahani ya tatu, telefone ilitetemeka mpaka ikaanguka chini ya meza.

"Hii njo muzalishaji?"

"Aibu ya mikono!"

"Mama yangu alikufa mu mutumbwi mwaka wa vita. Endelea kucheka, infirmière."

Hiyo ya mwisho niliisoma mara tatu. Nikafuta yote. Bure kabisa. Watu walishapiga capture, foto ya maneno yangu. Ilishafika Lokandu. Jamaa yetu mwenye kuchimba madini kule Kampene akatuma sauti: "Hata ndani ya mashimo tunawasoma!" Avocat moja, wakili, Maître Alain, akaingia kumutetea tantine: "Muzalishaji amesema ile kweli yenye wengine wanaogopa." Nyumba inaungua, yeye analeta petroli, na anaomba tumushukuru.

Tantine akaamka.

— Mwanahamisi, watu wananipigia, wananitukana juu ya mutumbwi. Mutumbwi gani? Nisomee kile tuliandika.

Nikamusomea. Sikusoma kile niliandika. Nilisoma kile yeye alisema, neno kwa neno, mpaka "mutoto hana subira."

— Sasa hapo kosa iko wapi?

— Sijui, tantine.

Kesho yake mwenzake wa kazi, mama Sandrine, alimusomea capture yenyewe. Tantine akarudi nyumbani, akakaa bila kufungua kilemba.

— Mwana, ile siku nilizalisha wane bila kukaa. Pengine kinywa ilinitoroka. Kweli nilisema vile?

Mulango njo huo, wazi, hata ng'ombe angepita. Maneno matatu tu ingetosha.

Nikasema:

— Tantine, nikuletee chai?

Akakunywa chai. Akaniambia aksanti.

Ku masomo, Professeur Mardochée, mwalimu wetu wa Kifaransa, aliandika maneno yangu ku tableau, yote, na jina ya tantine chini.

— Zarau tupu! Lakini muangalie vizuri, watoto. Maneno fupi. Pigo iko mwisho. Huyu mama alisoma! Chuki yenye diploma njo mbaya kuliko zote.

Tangu nizaliwe, njo mara ya kwanza mwalimu ananisifu, na sikuweza hata kutabasamu.

— Kazi ya nyumbani, akasema. Kila muntu amujibu huyu mama. Ukurasa moja. Nitatoa makumi mbili juu ya makumi mbili kwa mwenye kumuchoma zaidi.

Mutasema ningekataa. Mimi? Hata kuomba ruhusa ya kutoka inje sijui.

Nikaandika. Na woga, kumbe, iko na mwandiko muzuri. Sikuwa naandikia tantine, nilikuwa najiandikia mimi. Yote yenye nilitaka muntu anipige nayo, nilimupiga nayo yeye. Nikamaliza hivi: "Mukono yenye kuzarau haifai kupokea mutoto."

Makumi mbili juu ya makumi mbili.

— Mwanahamisi, simama utusomee!

Nikasimama. Sauti ikabaki imekaa. Professeur akachoka kungoja, akasoma mwenyewe, na mukono mu hewa kama pasta.

Ile magaribi akaitia ku Facebook. "Barua ya wazi kwa muzalishaji, na Professeur Mardochée." Na Professeur Mardochée! Jina yangu hata kwa bahati mbaya haikupita pale. Radio ikaisoma mara tatu. Watu wakamuita sauti ya wasio na sauti. Hapo angalau walipata, juu sauti kweli sina.

Kindu nzima ikakaa kuangalia watu wawili wakubwa wanapigana, muzalishaji na professeur. Na wote wawili ilikuwa mimi.

Kisha siku chache barua ikafika, na muhuri, kutoka kwa Docteur Célestin, mukubwa wa tantine ku kazi. Tantine akanipatia nisome.

— "...tumekusimamisha kazi, usiguse mama wala mutoto mpaka shauri iishe. Juu, kama mwalimu moja alisema vizuri, mukono yenye kuzarau haifai kupokea mutoto."

— Rudilia hapo.

Nikarudilia.

Tantine akageuza mikono yake, anaiangalia karibu na macho, mbele na nyuma.

— Huyu professeur anajua kusema, akasema. Alisoma kweli.

Siku tisa zikapita. Mutumbwi wowote haukuleta mama wa mimba kutoka ng'ambo. Mzee Asumani, mwenye kuvusha watu tangu zamani, akatuambia:

— Wanasema afazali wazalie ndani ya nyumba kuliko mikono ya zarau iwaguse. Jana moja alimwaga damu kutwa nzima. Iko hai, lakini musiniulize namna gani.

Tantine akasimama.

— Basi. Nitavuka, nisukutue.

Kwa wenye kutoka mbali: watu wa kando ya mutoni yetu, ukiwakosea na kinywa, feza haimalizi, mbuzi haimalizi. Wanachota maji ya mutoni ndani ya kikombe. Mwenye kusema anasukutua kinywa yake, anatema chini mbele ya watu wote, anasema: "Kile nilisema nimekitoa." Inaisha. Lakini lazima ikuwe kinywa yenyewe. Kinywa ya mwingine ni kama kumunywea mugonjwa dawa yake.

— Na wewe, mwana, uniandikie maneno mazuri ya kuomba musamaha. Utanisomea kule.

Barua ya tatu. Tantine anatukana, mimi. Professeur anajibu, mimi. Tantine anaomba musamaha, mimi tena. Hata kalamu ilikuwa inaniangalia vibaya.

Tukavuka kesho yake asubui. Ndani ya mutumbwi wa mzee Asumani alikuwemo pia Professeur Mardochée, na kravati nyekundu. Wamama wa ng'ambo walimualika, mutetezi wao. Alisalimia tantine na baridi. Mimi akanipiga kichwani polepole:

— Mwanafunzi wangu hodari! Umekuja kujifunza namna kweli inashindaka?

Ng'ambo, wamama walijaa mpaka ku maji. Mbele yao mama Anne, muuza ndizi, kikombe cha bati mu mukono.

— Soma, mwana, tantine akaninongonea.

Nikasoma.

— Sauti!

— Huyu mutoto anasema na viatu vyake?

— Mumupatie bugali kwanza!

Wakacheka. Mama Anne akainua mukono, kicheko kikakatika.

— Hadidja, unanijua?

— Sura sioni, Anne. Sauti ninaijua.

— Waambie watu tulijuana wapi.

Tantine akageuza sura upande wa maji.

— Basi nitasema mimi. Mwaka wa vita mutoni ilifungwa. Mwenye kuvuka anapigwa risasi. Mimi niko na uchungu siku mbili, mutoto amekataa kutoka. Huyu mama, wakati ule kijana mwembamba kama munyororo wa shanga, alivuka kunichukua, na wembe ndani ya kilemba. Asumani njo alipiga kasia. Tukarudi tumelala chini kama mihogo. Katikati ya maji mutoto akatoka. Huyu Hadidja alimupokea, akafunga kinywa yake na kidole asilie, tusikiwe. Ule mutoto njo Divine wangu. Wamama, ni uongo?

— Ni kweli! mzee Asumani akajibu kutoka ku mutumbwi.

Mimi miaka yote nalala nyumba moja na tantine. Ile hadisi sikuwahi kuisikia.

— Sasa, Hadidja. Wewe mwenye kujua ile mutumbwi, wewe njo uliandika tuzalie ku mutumbwi, tumezoea?

— Wanasema nilisema.

— Sikukuuliza wao wanasema nini.

— Maneno ilitoka na jina yangu, Anne. Nipatie maji.

Mama Anne akavuta kikombe, akakiweka ku kifua.

— Hapana. Hii kinywa ninaijua. Haikusema. Nikikupatia maji, tutakuwa tumejidanganya sisi wawili, na mutoni inatuangalia.

Hapo sauti ikatoka ndani ya nyumba ya karibu. Si kilio, ni ile sauti ya muntu mwenye kuuma kitambaa. Divine akatokea mulangoni, tumbo mbele, anashika ukuta na mikono miwili. Uchungu ilimushika tangu alfajiri.

— Mama, nilikuambia sipandi mutumbwi! Maisha yangu yote wananiita Divine wa mutumbwi, nikanyamaza. Sasa hata ku Facebook! Mwenye kuniandikia vile akuje asukutue mbele yangu. Asukutue, nitapanda. Asiposukutua, nakufia hapa, na jina yangu.

— Divine, mwanangu...

— Nimemaliza.

Professeur akakohoa.

— Wamama, mu barua yangu nilisema wazi kwamba...

— Papa Professeur, nyamaza, tuko mu kazi ya wanawake!

Nikainua kidole. Kama ku kalasi. Kama ku kalasi, hakuna mwenye aliona.

Nikainua mukono nzima, na telefone ndani.

— Niko.

— Nini? mama Anne akauliza.

— Niko. Mimi njo niliandika. Tantine alisema mukuje, tunawangoja. Ile ingine yote ni pilipili yangu.

Wamama wakageukiana. Kisha mama moja nyuma:

— Huyu? Huyu hata salamu haimutoki kinywani!

— Mwanahamisi? Professeur akasema. Haiwezekani. Wewe unaandikaka...

Akasimama hapo hapo. Nikaona hesabu inapita ndani ya macho yake, inafika mwisho. Akarudisha telefone yake mu mufuko, polepole.

Tantine hakunipiga. Akanyoosha mukono, akatafuta sura yangu na vidole, namna anatafutaka kichwa ya mutoto ndani ya tumbo.

— Na ile chai uliniletea? akasema.

Ni hiyo tu. Wapenzi, kuna fimbo, na kuna ile chai.

Nikachukua kikombe. Maji ilikuwa na ladha ya tope na samaki. Nikasukutua, nikatema.

— Kile nilisema nimekitoa.

Divine akaniangalia kutoka kichwa mpaka miguu.

— Kumbe ni haka kamusichana, akasema. Nilikuwa nimejitayarisha kuchukia muntu mukubwa.

Uchungu ukamukunja.

— Twende.

Tukapanda: Divine, mama Anne, tantine, mimi. Professeur akanyanyua muguu.

— Nafasi ya kravati haiko, mzee Asumani akamuambia, akasukuma mutumbwi.

Tulifika katikati ya Lualaba. Maternité tunaiona, bati yake inawaka jua. Divine akashika ukingo, mutumbwi ikalala upande.

— Mama, inakuja!

Asumani akasimamisha kasia. Mama Anne akamushika Divine nyuma. Tantine akapiga magoti ndani ya maji ya chini ya mutumbwi, akanawa mikono, halafu mikono ikabaki hewani.

— Hadidja! Unangoja nini?

— Niko chini ya barua, Anne. Usiguse mama wala mutoto. Mukono yenye kuzarau haifai kupokea mutoto. Docteur mwenyewe aliandika.

— Docteur hakuandika! nikasema. Na Professeur hakuandika! Ilikuwa kazi ya nyumbani...

Tantine akageuka.

— Ile pia ni wewe?

Divine akapiga kelele. Tantine akaacha kuniangalia, akaingiza mukono. Barua ikaisha hapo. Akasikiliza na vidole, na nikaona sura yake inabadilika.

— Muguu, akasema. Mutoto anakuja na muguu. Asumani, piga kasia kama ule mwaka! Mwanahamisi, muite Docteur Célestin. Akuje ku maji na vyombo vyake, sasa hivi.

— Niandike nini, tantine?

— Usiandike! Tangu lini muguu ya mutoto inangoja ujumbe? Sema, na kinywa. Umuambie nani iko anazalisha. Na umuambie juu ya nini iko na haki ya kuzalisha. Yote, Mwanahamisi. Hii mara sitabeba jina peke yangu.

Nikapiga. Ikalia mara moja. Mara mbili. Mutumbwi ikayumba, telefone nusura iende kwa samaki. Ku ukingo wa Mikelenge watu walishaanza kukusanyika, na telefone zao juu, wanafilimu.

— Allô?

Nikafungua kinywa. Ilikuwa bado na tope ya mutoni.

— Allô! Docteur akarudilia, na hasira. Kama ni kutukana, tukaneni kwa sauti, sisikii kitu! Njo nani anasema?